Kufufua osiloskopu iliyokula chumvi nyingi: mwongozo kamili

Osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ikiwa mbovu ina jambo moja ambalo redio mbovu haina: ina kioo usoni, na kioo hicho kinasema. Mstari uliofifia, nukta iliyoganda katikati, wimbi lililotoroka juu ya ukingo, kila dalili ina saketi yake. Tabu ni kwamba wengi wetu tunakimbilia bisibisi kabla ya kutazama.

Skopu yangu ya kwanza ilinifikia ikiwa haina mstari. Niliifungua siku hiyohiyo, nikazungusha trima nane, vile virekebishi vidogo vya ndani vinavyozungushwa kwa bisibisi, nikiutafuta. Jioni nikagundua swichi ya triga, saketi inayoamua mstari uanze kuchorwa lini, ilikuwa imekaa kwenye NORM, ambapo mstari hauchorwi bila ishara. Kosa lenyewe lilikuwa la sekunde moja. Kuzirudisha zile trima nane mahali pake kulinila siku nne.

Kwa hiyo humu kuna miiko miwili: usifungue kabla hujasoma kioo, na usiguse trima kabla hujapata kosa. Trima haijizungushi usiku. Skopu iliyokuwa sawa mwezi jana na leo haiko sawa ina kitu kilichokufa, na ukikifunika kwa kuzungusha trima umejiongezea kosa la pili.

Ninazozungumzia hapa ni skopu za analogi, za valvu na za transista, za miaka ya 1950 hadi 1980.

Kwanza uhai wako

Ndani kuna umeme wa ngazi tatu. Kuna wa ukutani, volti 120 au 230, kwenye fyuzi, swichi na transfoma. Kuna wa reli, yaani njia za umeme wa DC zinazolisha saketi, kuanzia volti 5 hadi mia na kitu kwenye skopu za transista, na mia kadhaa kwenye za valvu. Huu hubaki ndani ya kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa plagi. Halafu kuna wa tyubu, ile chupa inayorusha mwale wa elektroni kwenye kioo cha mbele: kathodi, mwale unakoanzia, hukaa kwenye volti elfu moja na nusu hadi elfu tatu chini ya chasisi, na kwenye skopu za kasi anodi ya mwisho hupita volti 10,000.

Kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu wa televisheni. Filamenti ya tyubu hutumia volti 6.3 tu, na ukiiona namba hiyo kwenye mchoro utaona ni kitu cha kugusa bila wasiwasi. Lakini kwenye skopu filamenti imefungwa pamoja na kathodi, kwa hiyo waya zake zote mbili zinaelea kwenye hasi 2,000 na zaidi ukilinganisha na chasisi. Mkono wako mmoja ukiwa kwenye chasisi na mwingine kwenye waya ule, hukugusa 6.3.

Chomoa plagi, subiri dakika kadhaa, kisha pima kila kapasita kubwa. Kusubiri peke yake si ushahidi. Ikibaki na chaji, imwage kupitia rezista ya kilo-ohmu chache yenye miguu iliyofunikwa vizuri, si kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu cheche ile huua transista ambazo zilikuwa hazina kosa. Ukipima kifaa kinachowaka, mkono mmoja uwe mfukoni. Shingo ya tyubu usiigonge wala kuibana: ndani hamna hewa, na ikipasuka vioo huruka. Na waya wa ardhi wa plagi usikatwe, hata kama uliona mtu akifanya hivyo akasalimika.

Kuwasha iliyolala miaka mingi

Kabla ya umeme, tazama. Swichi ya kuchagua volti nyuma ya skopu iwe kwenye volti za kwako. Fyuzi iwe ya thamani iliyoandikwa; ukikuta imefungwa karatasi ya fedha, ujue kuna fundi alipita kabla yako, na kazi zake nyingine utazikuta huko mbele. Nusa pia. Harufu ya samaki mara nyingi ni kapasita za elektrolitiki zilizovuja.

Tazama hasa kapasita za kuchuja pale umeme unapoingilia. Zile za karatasi zenye ganda angavu la rangi ya manjano hupata nyufa nyembamba, unyevu ukaingia, na dakika chache baada ya kuwashwa hutoa moshi mweupe unaojaza chumba. Ukiona ufa, badilisha kabla ya kuwasha, na uweke ya daraja la usalama la X2, si kapasita yoyote yenye volti zinazolingana.

Kisha funga balbu ya kawaida ya filamenti, wati 60 hadi 100, mfululizo na waya wa umeme. Balbu ya LED haifai. Skopu yenye transfoma ikiwa nzima, balbu huwaka ghafla kisha hufifia. Ikibaki inang'aa kabisa, kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma ambayo huenda haipatikani tena popote. Skopu za baadaye zenye pawasaplai ya kuswichi huweza kuhangaika nyuma ya balbu, zikiwaka na kuzima. Hilo peke yake lisikutishe.

Wakati huohuo tafuta mwongozo wa huduma wa modeli yako, wenye michoro ya saketi na volti za kila sehemu ya kupimia. Angalia namba ya mfululizo ya skopu yako, kwa sababu watengenezaji walibadilisha saketi katikati ya uzalishaji na mchoro mmoja hauhudumii zote.

Nobu kabla ya bisibisi

Panga hivi: mng'ao na fokasi katikati, nobu zote za kusogeza mstari katikati, chaneli ya kwanza peke yake, ingizo lake kwenye GND (ardhi, bila ishara), kasi milisekunde 1 kwa kisanduku, triga kwenye AUTO (mstari hujichora hata bila ishara) na chanzo chake chaneli ya kwanza. Zima X-Y (hali ambayo ishara ndiyo inayosogeza mwale kwa mlalo), zima kikuzaji cha mlalo, zima swipu iliyocheleweshwa (swipu ni mwendo wa mwale kutoka kushoto kwenda kulia), na nobu ndogo za katikati ziwe kwenye CAL (kipimo sahihi). Kwenye NORM bila ishara skopu nzima kabisa hukaa giza, na ndivyo ilivyonifanyia.

Zungusha kila nobu na kila swichi mara ishirini hivi. Si mzaha. Skopu iliyokaa kabatini miaka kumi mara nyingi huamka kwa hilo tu, angalau kwa muda wa kutosha kukuonyesha tatizo lake la kweli.

Kioo kinasema nini

Kama hakuna mwanga wowote, bonyeza BEAM FIND ikiwa ipo. Hicho kitufe hupunguza nguvu ya kuvuta mwale ili mstari uliotoka nje ya kioo urudi ndani. Ukiona doa au kistari, tyubu na volti zake kubwa ni salama, mwale umevutwa pembeni tu. Usipoona chochote, zima taa ya chumba na uchungulie shingo ya tyubu: panapaswa kuwa na wekundu wa filamenti.

Nukta moja kali katikati maana yake swipu haifanyi kazi au uko kwenye X-Y. Punguza mng'ao mara moja, maana nukta ikikaa huunguza fosfori, ule unga unaong'aa ndani ya kioo, na doa lile haliondoki maisha.

Mstari mlalo upo ila hausikii ishara? Jaribu chaneli ya pili. Ikifanya kazi, kosa liko kabla ya pale chaneli zinapokutana. Zote mbili zikiwa kimya, liko baada ya hapo. Jaribio la sekunde kumi, na nusu ya skopu umeshaiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Mstari ukiwa na mawimbi ambayo hukuyaleta wewe, weka chanzo cha triga kwenye LINE. Mawimbi yakisimama tuli, yanatoka kwenye umeme wa ukutani, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya kuchuja iliyokauka.

Dalili ninayoipenda kuliko zote ni ya ukubwa. Unganisha probu kwenye kalibreta ya mbele, ile inayotoa wimbi la mraba la takriban kilohezi 1. Wimbi likionekana kubwa kuliko inavyopasa kwa wima na pia kwa mlalo, usiende kwenye amplifaya, kwa sababu amplifaya mbili haziwezi kukosea sawasawa kwa siku moja. Volti kubwa za tyubu zimeshuka, mwale umekuwa wa polepole, na bamba za ndani ya tyubu zinazousogeza zinauvuta kirahisi. Na kama picha inavimba kila unapoongeza mng'ao, volti hizo zinashindwa kubeba mzigo.

Mstari ulioinama kidogo upande mmoja si ugonjwa. Sumaku ya dunia hufanya hivyo, na kuna trima ya kuunyoosha. Ondoa kwanza spika iliyo karibu.

Reli za umeme, hapo ndipo penye kesi nyingi

Hata kama dalili inaelekeza kwingine, pima reli zote kabla ya kugusa bodi nyingine. Tektronix 465, iliyotoka mwaka 1972 ikiwa na uwezo wa megahezi 100, ina reli za hasi 8, chanya 5, 15, 55 na 110. Skopu nyingi zina mpangilio unaofanana na huo, na mara nyingi reli moja ndiyo rejea ya nyingine. Rejea ikipotoka, zote zinapotoka, kwa hiyo fuata utaratibu wa mwongozo wa huduma.

Kila reli ipime mara mbili: kwanza DC, uone kama iko ndani ya asilimia iliyotajwa, kisha geuza multimita iwe AC. Milivolti chache zinakubalika. Ukiona mia kadhaa, kapasita ya kuchuja imekwisha au regyuleta, saketi inayoshikilia volti za reli zisibadilike, haina volti za kutosha za kufanyia kazi.

Reli iliyo chini sana, rudi nyuma pima volti kabla ya regyuleta. Zikiwa pungufu na hapo, tazama daraja la dayodi na kapasita kubwa. Zikiwa nzima, au hata zimepanda kidogo, basi ama regyuleta imekufa, ama kuna mtu huko mbele anaivuta reli chini. Zima, mwaga chaji, pima ohmu kutoka reli hadi chasisi.

Nieleze moja nililolifanya. Reli ya chanya 15 ilikuwa na volti 0.4, na ohmu kwenda chasisi zilikuwa 1.2. Reli hiyo inalisha bodi tano na ina kapasita za tantalamu, zile zenye umbo la tone la maji, karibu ishirini. Ungeweza kuzing'oa moja moja. Watu wengi hufanya hivyo na kuunguza njia za shaba. Mimi nilileta pawasaplai ya mezani, nikaweka kikomo cha volti 1 na ampia 0.5, nikaiunganisha kwenye reli skopu ikiwa imezimwa. Multimita nikaiweka kwenye milivolti, waya mweusi kwenye hasi ya pawasaplai, na waya mwekundu nikatembea nao juu ya reli.

Mwanzoni ilisoma 600. Nikasogea kuelekea bodi ya kwanza: 592. Bodi ya pili: 571. Tawi la kwenda bodi ya triga lilibaki 571 kutoka mwanzo hadi mwisho, maana yake hakuna mkondo unaopita humo, sikulirudia tena. Tawi la amplifaya ya wima likaendelea kushuka, 560, 548, na mahali pa chini kabisa palikuwa mguu wa tone moja la manjano lililokuwa zima kwa macho. Mkondo wote ulikuwa unapita hapo. Nilikata mguu mmoja tu, ohmu zikapanda, nikawasha, reli ikarudi 15.0.

Tantalamu hufa kwa shoti hivi ghafla bila dalili. Ukibadilisha, weka yenye volti mara mbili ya reli, na angalia chanya iko wapi: ikigeuzwa hulipuka, na moto wake si wa mchezo. Kapasita za elektrolitiki zenyewe hufa polepole kwa kukauka. Multimita ya kawaida yaweza kuonyesha uwezo wake ni mzima ilhali ukinzani wake wa ndani umepanda, kwa hiyo mita ya ESR, inayopima ukinzani huo, ni pesa iliyotumika vizuri.

Mtindo wa kubadilisha kapasita zote kwa mkupuo siupendi. Ukibadilisha arobaini na kosa jipya likazaliwa, hutajua ni ipi ya arobaini. Badilisha zilizoshindwa kipimo, washa, pima, endelea.

Volti kubwa za tyubu

Reli zikiwa sawa na bado hakuna mwale, njoo hapa. Multimita ya kawaida ina mwisho wa volti 600 au 1,000, hivyo unahitaji probu maalumu ya volti kubwa. Iunganishe skopu ikiwa imezimwa na imemwagwa chaji, washa, soma, zima. Usishike probu mkononi huku ukitafuta mguu wa kuugusa.

Skopu nyingi huzalisha volti hizi kwa osileta (saketi inayozalisha mawimbi) inayoendesha transfoma ndogo, kisha kizidishi cha volti cha dayodi na kapasita kilichofunikwa kwenye gundi ngumu. Kizidishi kikianza kuvuja, osileta huzidiwa na transista yake hupata moto. Tenganisha ingizo la kizidishi. Osileta ikipona, mhalifu ni huyo, na hatengenezeki, hubadilishwa.

Kosa la kimyakimya zaidi liko kwenye rezista za megaohmu zinazorudisha taarifa kwa osileta. Za kaboni zikizeeka ohmu zake hupanda, volti kubwa hupanda nazo, na wimbi la kalibreta husinyaa pande zote. Zing'oe mguu mmoja, pima, linganisha na rangi zake.

Mng'ao usiopungua hata nobu ikifika mwisho ni hadithi tofauti: tofauti ya volti kati ya gridi na kathodi imepotea. Fuata dayodi na kapasita za saketi inayoidhibiti gridi, ambazo nazo zinaelea huko chini kwenye hasi 2,000.

Mwale uliovutwa pembeni

Hii ndiyo mbinu itakayokuokolea saa nyingi kuliko nyingine yoyote. Amplifaya ya wima ina pande mbili pacha kuanzia karibu na mwanzo hadi kwenye bamba za tyubu. Mwale hutazama tofauti ya pande hizo tu. Ukizifunga pamoja kwa waya, tofauti inakuwa sifuri na mwale hauna budi kurudi katikati.

Zima skopu, chukua waya mfupi wenye vibanio vilivyofunikwa, unganisha bamba mbili za wima. Washa. Mstari ukirudi karibu na katikati, tyubu haina lawama. Zima tena, hamishia waya kwenye ingizo la hatua ya mwisho ya amplifaya, besi ya transista kwa besi ya pacha wake. Mstari bado unarudi katikati? Hatua ya mwisho nayo ni nzima, kosa liko nyuma zaidi. Rudi hatua moja moja. Mahali pa kwanza ambapo waya haurudishi mstari katikati, kosa liko kati ya hapo na sehemu ya mwisho iliyokubali. Angalia tu usije ukaunganisha kolekta na besi, au upande wa hatua moja na wa hatua nyingine; ni pacha kwa pacha.

Kwa mlalo mbinu ni ileile.

Swipu na triga

Weka X-Y na uingize ishara. Mwale ukienda kulia na kushoto, amplifaya ya mlalo ni nzima, na tatizo ni swipu yenyewe.

Watu husema kutengeneza skopu unahitaji skopu nyingine. Si lazima. Kwenye milisekunde 1 kwa kisanduku wimbi la meno ya msumeno halizidi hezi mia moja, na skopu ndogo ya mfukoni huliona bila shida. Ukiwa huna hata hiyo, weka kasi ya nusu sekunde kwa kisanduku na upime toleo la swipu kwa multimita ya mshale: mshale utapanda taratibu kwa sekunde tano na kuanguka. Ukibaki umeganda juu au chini, swipu imekwama.

Swipu ni mduara: triga hufungua geti, geti huanzisha mpando wa volti unaousogeza mwale, mpando ukifika juu huamsha saketi ya kusubiri, nayo huruhusu triga tena. Ukikatika popote, pote panakuwa kimya, ndiyo maana watu hupiga ramli hapa. Angalia kama geti limefunguka au limefungwa, utajua pa kuanzia. Kwenye skopu za miaka ya 1960 na 1970 usipime ohmu kwenye dayodi za tanali zilizo ndani ya triga, maana mkondo wa multimita unaweza kuziua na kuzipata sasa ni kazi.

Kasi chache zinazofuatana zikikosea na nyingine ziko sawa, ni kapasita au rezista ya muda ya kundi hilo, au uchafu wa swichi.

Uchafu, soketi na kulehemu

Mstari unaoruka ukigusa nobu ya volti ni swichi chafu. Usimwage dawa ya kupuliza kila mahali, mafuta yake hubaki na kuvujisha ishara kwenye saketi za megaohmu. Lowesha kipande cha karatasi ngumu kwa alkoholi ya isopropili, kipitishe kati ya migusano, kivute taratibu. Transista zilizo kwenye soketi zing'oe na kuzirudisha moja moja, kila moja mahali pake. Miguu yake hupata kutu isiyoonekana.

Kwenye Tektronix za valvu vipuri vimelehemiwa kwenye vipande vya kauri vilivyopakwa fedha. Risasi ya kulehemia ya kawaida huila fedha ile na kipande huachia, hivyo kiwandani waliweka kibunda kidogo cha risasi yenye fedha ndani ya skopu yenyewe. Kitafute, mara nyingi bado kipo.

Kupima upya

Sasa trima zina ruhusa, lakini kwa utaratibu na baada ya skopu kuwaka nusu saa. Reli kwanza, kwa kuwa kila kitu kinazitegemea. Kisha volti kubwa, fokasi na umbo la nukta, mizani ya DC, kiwango cha wima, muda wa mlalo, na mwisho kona za wimbi la mraba kwenye kasi kubwa. Osileta ya kristali ya megahezi 1 inatosha kukagua muda: kwenye mikrosekunde 1 kwa kisanduku kila kisanduku kimeze wimbi moja kamili, kutoka cha pili hadi cha tisa. Weka alama ya kalamu kwenye kila trima kabla ya kuizungusha. Ikihitaji zaidi ya robo mzunguko, acha, bado kuna kipuri kibovu.

Rudisha kifuniko, iache iwake saa tatu, na upime tena kifuniko kikiwa kimefungwa. Joto la ndani hubadilika, na kapasita iliyokuwa inajikaza huonyesha rangi yake hapo. Mstari ukianza kuhama, fungua, elekeza kikausha nywele kwenye bodi moja baada ya nyingine ukitazama kioo, ukianzia na ile ya reli.